Kaa Wanaokula Mashua Yangu

Jumatatu, 8 Aprili
Leo mashua yangu imezama, nami nimefurahi! Ni ya maonyesho tu, urefu wa meza yetu, mwerezi niliouloweka mpaka ukakataa kuelea. Imewekwa kwenye tangi la kaa wa vilindini, katika jumba la maonyesho ya samaki hapa kijijini Heda. Wavuvi siku hizi wanataka mashua za plastiki. Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho. Mke wangu Fumie kasema imependeza — na huyo hata wajukuu hawasifii.

Jumatano, 12 Juni
Bi Mochizuki, mtunzaji wa tangi, amekonda. Kaa wake — wadogo, weupe, mikono mirefu — wamesusa vibua, wamesusa ngisi. Wawili wamekufa. Lakini waliobaki wanashinda juu ya mashua yangu. Wanajua kazi nzuri.

Jumamosi, 28 Septemba
Kaa wamenona. Usukani wa mashua haupo.
Nikamwuliza Bi Mochizuki nani kauiba. Akainamisha kichwa. “Fundi, usikasirike. Wameula.”
“Nani?”
“Kaa.”
Ati kule chini hakuna jua, hakuna kinachoota. Wanategemea magogo na majani yanayosombwa na mito, yakalowa, yakazama. Tumboni wana vijidudu vya kuwasaidia kusaga mbao. Amejua tangu Agosti! Aliogopa kuniambia. Kesho naitoa.

Jumapili, 29 Septemba
Nimekwenda na ndoo na mataulo. Watu wamejazana mbele ya tangi. Kaa mmoja kakaa nyuma ya mashua, anakwangua, anapeleka mdomoni — mkono huu, mkono ule, taratibu, kama mtu mwenye bakuli la wali. Hakuacha hata chembe. Nimesimama pale mpaka wakafunga.
Fumie kauliza mashua iko wapi. Nikasema inaliwa. Kacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kimbunga kimepita. Ufuko umejaa magogo. Mashua imebaki mbavu tu, inaniuma kuiangalia.
Asubuhi Bi Mochizuki kapita kwangu akitoka ufukoni na gari dogo la mizigo, gogo bovu nyuma, uso unang'aa. “Fundi, hatukusumbui tena. Chakula cha bure hiki.”
Bure! Gogo limepinda, lina matope, lina gome. Nimemwambia alishushe uani.
“Lakini kaa hawajali sura yake.”
Hawajali! Miaka yote nimeunda mashua, wavuvi wakaziacha zioze gatini. Hawa wanaimaliza mpaka msumari wa mti.
Nimelikwangua matope. Ndani mbao bado ina nyuzi nzuri, inatosha mashua nyingine. Randa nimeitia makali. Bi Mochizuki yuko mlangoni, hataki kuondoka bila gogo. Namsikia Fumie akimwambia ajaribu kesho, huyu mzee akishashika randa hasikii. Naye anamjibu kaa wana njaa leo.
Nimemjibu kupitia dirishani: wasubiri. Wateja wangu wote walikuwa wanasubiri.