Upande Uleule wa Mama

Jumatatu, 2 Machi
Nimepaka tena. Nakausha kwa pamba, naweka jeli kwa kidole, nakaa nusu saa bila kula wala kunywa. Kidonda kiko chini ya ulimi, kushoto. Cha Mama kilikuwa hapohapo. Muuza dawa wa hapa Mbugani alitaka kunipa ile dawa ya zambarau, nikakataa. Tulimzika Mama midomo ikiwa ya zambarau.

Jumatano, 4 Machi
Bado hakijapona. Mchana nilikuwa nashona sare za kwaya, nikasikia mtu mlangoni akivuta hewa kwa meno. Mama alivuta hivyo chai ikimchoma. Nikatoka. Hapakuwa na mtu. Naogopa.

Jumamosi, 7 Machi
Matema, kwa dada yangu Tusajigwe. Nilipaka barazani. Jeli haijashika, ndizi zikaletwa, za moto. Unakataaje chakula nyumbani kwa mtu? Nikala, nikashukuru, ndaga. Jirani akatuita, wali na samaki. Nikapaka tena, tukapitia msibani, chai ya tangawizi. Msibani ndiyo hukatai kabisa.
Tusajigwe alikuwa ananitazama. "Siku hizi unatafuna kama Mama," akasema.
Nimelia chooni.

Jumanne, 10 Machi
Kingine kimetoka shavuni. Dawa nimeitupa kabatini, haina kazi. Nimejimulika kwa tochi mbele ya kioo. Mdomo niliouona ni wa Mama. Nimefunika kioo kwa khanga.

Alhamisi, 12 Machi
Nimekwenda kwa daktari wa meno. Binti mdogo, mpole. Akabonyeza kila kidonda. Akauliza nikishapaka nafanya nini. Nikamweleza ya Matema.
"Hiyo dawa umeila na ndizi, mama," akasema.
Vyangu si saratani; ni laini, vinauma, huja na kuondoka. Cha Mama kilikuwa kigumu, kikakaa palepale miezi, na mwanzoni hakikumuuma. Ndiyo maana hatukushtuka. Daktari amesema kidonda kikipita wiki tatu mtu asingoje, aje. Sisi tuliendelea kumpaka zambarau.
Nina hasira, na sina wa kumpa.

Jumapili, 22 Machi
Matema tena baada ya ibada. Cha chini ya ulimi kimepona, cha shavuni kinafifia. Ndizi zilipokuja nikasema nimepaka dawa, nasubiri. Aibu ilinishika. Tusajigwe akazifunika kwa sahani, naye hakula. Tukasubiri nusu saa nzima. Kisha akauliza kama Mama aliwahi kusubiriwa hivyo.
Hapana. Kila aliyekuja kumwona alikuja na chakula, naye akala.
Nimerudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Kioo nimekifunua. Nimemimina vikombe viwili vya chai, nikaviacha mezani vipoe. Mlangoni mtu amevuta hewa kwa meno. Sikutoka kutazama. Nimesema karibu, chai imeshapoa.