Mkeka wa Wiki Iliyopita

Mama watoto,

Biskuti ziko kwenye kopo la bluu. ~~Usile zaidi ya mbili.~~ Kula unavyotaka, leo sina roho mbaya.

Wiki iliyopita zilitandaa ndani ya oveni zikashikana, mama yako akauliza kama nimepika mkeka. Jana nikaliacha donge la unga nje ya dirisha lipigwe na baridi ili zisitandae tena, wewe na mama yako mkanicheka. Leo kila biskuti imesimama peke yake, zabibu na chokoleti nyeupe zimetulia.

Mama yako amepita asubuhi. Amekula tatu hata koti hajavua, kisha akaomba nyingine za kuwatambia rafiki zake.

Donge la pili bado liko dirishani, usiliingize. Mama yako akirudi, mwambie fundi mikeka yuko kazini.

Baba watoto