Niliosha Santuri ya Mzee, Kijana Wangu Akalaumiwa

Mshauri wetu mpendwa, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Migosi, Kisumu, nimesoma mpaka darasa la nne tu kwa hivyo unisamehe mwandiko, lakini naomba unisaidie haraka kwa sababu mkono ulioharibu ni wangu na anayelaumiwa ni mtoto wangu.

Mzee wangu Zadock ana santuri zake za muziki wa benga tangu tuoane, hakuna mtu anagusa. Sasa Pasaka kijana wetu wa kwanza, Enos, alikuja kutoka Nakuru na mashine ya CD, na ndani iko ule wimbo mzee anapenda sana, ambao mwimbaji anamsalimia Opiyo kwa jina, ndugu ya mzee ambaye sasa ni marehemu. Wakaanza kubishana kama watu wa siasa. Enos anasema, "Baba, sikiza, hakuna kelele, unasikia mpaka vidole kwa gitaa." Mzee anasema, "Besi imeenda wapi? Santuri inaimba na kifua, hii yako inaimba na pua." Enos akajibu, "Na yako inakaanga omena." Yawa, nyumba nzima ilicheka isipokuwa mwenyewe.

Nilimhurumia mzee. Enos alikuwa amesema hiyo kelele inaletwa na vumbi kwa mistari ya santuri, basi Jumanne, Enos amesharudi Nakuru na mzee ameenda kazini, nikachukua ile ya Opiyo nikaosha na maji moto na sabuni, nikaona haijatakata, nikasugua na waya ya sufuria, nikaanika juu ya mabati kwa jua. Nilitaka tu na yeye ashinde. Ikajipinda kama chapati, nikairudisha mahali pake. Mzee kurudi, anaweka, sindano inaruka, jina la Opiyo halifiki. Akasema ni Enos ameikwaruza makusudi, na mimi nimesimama hapo na sufuria ya ugali, nikanyamaza.

Alimpigia Enos simu kazini, akamwambia asikanyage kwake. Enos naye amesema sawa, hata siku ya wakwe hatakuja, na wakwe wanaleta ng'ombe za mahari ya binti yetu Seline mwisho wa mwezi huu. Seline analia, mimi nikisema ukweli naogopa mzee, nikinyamaza nimempoteza kijana, nifanye nini?

Mama Enos

*

Mama Enos, nilicheka, kisha nikaacha. Hiyo mistari ndiyo wimbo wenyewe, mama! Umesugua vumbi ukatoa na waimbaji. Santuri hupanguzwa kwa kitambaa laini, polepole, kufuata mistari, na jua haliruhusiwi hata kuchungulia.

Kuhusu ubishi wao, Enos ana haki, CD haikaangi kitu. Mzee naye ana haki, kwa spika kubwa santuri nzuri ina uzito ambao kimashine cha mezani hakitoi. Wangepima kwa spika moja kabla ya kutaniana hadi kuumizana.

Lakini hukuniandikia kwa sababu ya besi. Kuosha kulikuwa kosa la upendo, hilo nakusamehe kwa niaba ya mzee. Kunyamaza sikusamehei. Uliogopa kukasirikiwa, ukamwacha mtoto akasirikiwe badala yako.

Leo mzee akishakula, mwambie, "Baba Enos, ni mimi niliosha." Usianze na habari za mvua, na usimtaje Enos na vumbi lake, hiyo ni kumrudishia lawama. Atapiga kelele, mwache apige. Kesho yeye mwenyewe ampigie Enos, maana aliyemfukuza ndiye amwite. Kisha wewe shika simu uombe msamaha, na umwambie aje na ile CD siku mbili mapema, baba yake asikie jina la ndugu yake. Sauti asipoipenda, shauri yake.

Na mzee akinuna, anune hata mwezi mzima. Wakwe hawatauliza nani amenuna. Watauliza nani hayupo.