Mwanya wa Mama

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na unalala vizuri huko kazini. Sisi ni wazima. Mdogo wangu amejua herufi, sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya sabuni.

Barua yako nilikabidhiwa na rafiki yako dereva pale getini shuleni, kama ulivyomwagiza. Umeniuliza kwa nini Mama akizungumza nawe kwenye simu anazima kamera, na kama kuna mwanamume anayemzuzua. Yupo, Baba, ila ni daktari wa meno.

Mama aliteleza bafuni, akagonga mdomo kwenye sinki, jino moja la mbele likatoka. Alituapisha tusikuambie. Hata mimi nilimshuku, maana jino si aibu ya kufichwa hivyo. Kila akirudi kwa daktari nilimuuliza kulikoni, naye akanijibu nishike vitabu vyangu, upelelezi niwaachie polisi.

Jumamosi akanichukua twende pamoja. Daktari alieleza kwamba atatengeneza daraja, yaani jino jipya litakaloshikwa na meno jirani yaliyochongwa kidogo. Kwanza alipima kwa kupitisha kamera nyembamba kinywani, meno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nikaona ni njia safi, isiyo na usumbufu. Lakini fizi ilikuwa inatoka damu, na akasema kamera haioni chini ya damu. Akageukia njia ya zamani ya kupima: akazungushia meno jirani dawa laini kama uji mwepesi, kisha akambana mdomoni kwa kisahani kilichojaa kitu kizito kama unga uliokandwa, mpaka kigande. Mama alitaka kutapika, akapiga miguu kama mtoto. Nikajiuliza, fundi anayepima mara mbili anaijua kazi yake kweli?

Halafu wakanong'ona. Mama akanitazama. Daktari akaniambia nikae kwenye kile kiti.

Baba, meno yangu hayana hata tundu! Niliwaza nina ugonjwa wanaonificha, au wanataka kung'oa langu wampe Mama. Nikafumba mdomo. Daktari akacheka, akaniambia nifungue, kisahani chake hakijawahi kumng'ata mtu. Nilifungua kwa sababu Mama alinishika mkono, na daktari akanibana kwa kisahani kama alivyombana Mama.

Njiani nilikataa kutembea mpaka anieleze. Ndipo akasema. Daktari alitaka kuuziba ule mwanya wa meno yake ya mbele, jino jipya liungane na mwenzake, liwe imara zaidi. Mama amekataa katakata, anataka lishikwe upande mmoja tu. Alisema wewe ulimwambia zamani kwamba mwanya ule ndio uliokunasa, na hataki urudi umkute na mdomo wa mtu mwingine. Tatizo lilikuwa kupata kipimo cha mwanya huo, kwa kuwa kwenye picha zote Mama amefumba mdomo. Ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kinywani mwangu mimi niliyeurithi.

Huyo ndiye uliyemshuku, Baba. Nami pia nilimshuku.

Jino litawekwa Ijumaa. Tafadhali piga jioni. Kamera ikiwaka, usitaje barua hii, na usimsifu upesi mno, atagundua. Mwache acheke kwanza.

Mdogo wangu anakusalimu, na Mama pia, ingawa hajui kama nakuandikia.

Binti yako akupendaye,
Mpelelezi