Kaka, Kwa Nini Uliniweka Benchi?

Kaka yangu uliyelala Kakamega,

Naanza na lawama, maana salamu zangu huwezi kuzijibu. Nilikushuku miaka minne, na hata sasa sijamaliza.

Unakumbuka nilipofika Dubai? Ulikuwa fowadi wa kuogopwa, shingo hakuna, mabega tu. Mimi nilikuja na raga ya nyumbani, ile ya watu kumi na tano, ambapo ukimwangusha mtu unaingiza mikono kumnyang'anya mpira. Huku mlicheza ya kumi na tatu: ukishamwangusha unamwachia, anaamka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu. Mechi yangu ya kwanza niliinama kunyakua mara tatu, filimbi ikalia mara tatu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wewe, mwache aamke! Huyo si kuku wa Krismasi." Nilikupenda sana siku ile.

Kisha bega lako likavunjika, wakakupa ukocha. Ukabadilika. Chumbani kwetu Al Mankhool ulikuwa ukipigiwa simu unatoka nje, na ukirudi unanitazama kama mtu anayekagua gari la mtumba. Nikajiambia, huyu ana jambo.

Jambo likaja. Walikuja wageni kutoka Australia kutafuta wachezaji, na kila mtu alijua fowadi wa kuangaliwa ni mimi. Ukasoma majina, langu halimo. Nafasi yangu ukampa Okello, yule Mganda aliyekuwa akikuletea matoke kila Jumamosi.

"Coach, vipi?" Makusudi sikukuita kaka.

"Wewe khalas, basi. Kaa."

"Sababu?"

"Nimesema kaa, bana."

Okello akaenda zake Australia. Mimi nikarudi kulinda geti la hoteli Al Garhoud, nikaunganisha yote: matoke, simu, bega lako bovu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Ulipougua ukarudi nyumbani, sikukusindikiza uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe uko pua na mdomo na geti langu. Hilo linanichoma.

Mwezi uliopita, kwenye matanga yako, shemeji aliniketisha jikoni. Akasema zile simu zilikuwa zake, akikuuliza kama bado naingiza kichwa kwenye mpira. Akasema Jumanne kabla ya wageni kufika, mazoezini, niliinamia mpira tena kwa tabia yangu ileile, goti la mtu likanipata kichwani. Jioni hiyo nikakuuliza mara tatu kama mama ameshakula. Mama tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Uliogopa kunipeleka kwa daktari, kampuni yangu ya ulinzi isije ikasikia ikanifutia viza. Uliogopa kuniambia, nisije nikabisha nikaingia uwanjani. Basi ukaona heri nikuchukie.

Sikumwamini. Mjane humpamba mumewe, na marehemu hana baya. Safari nzima ya ndege nilikuwa natafuta tundu katika maneno yake.

Ili nimkanushe, inabidi niikumbuke Jumanne ile. Jumatatu ninayo, nilifua jezi. Siku ya mechi ninayo, neno kwa neno. Katikati hapo sina kitu, kaka. Natafuta tangu nirudi Dubai, na sioni hata kiwanja.

Mdogo wako uliyemweka benchi.