Mahindi Kwenye Kona ya Pili

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Leo tungefunga ligi. Hakuna mbio. Katibu wa ligi, Mugambi wa timu ya Ruiri, amezisukuma hadi tarehe 18 — eti arusi ya binamu yake. Ruiri walishatolewa, ana haraka gani? Sisi wa timu ya Dallas tuko pointi moja nyuma ya Kiirua, na mbio ni kwetu, shambani kwa Mama. Miaka kumi na moja nakimbiza hizi pikipiki zisizo na breki. Goti limekwisha. Msimu mwingine sina, na kombe sijawahi kulishika. Nimekasirika.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama ameuliza shamba alilotuazima linarudi lini. Nilimwahidi tarehe 5. Nikasema, karibu. Aliendelea kuchambua mbegu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kutwa nzima mimi na Ndwiga, mwenzangu wa timu, tumemwagilia uwanja ili vumbi lilale. Matangi mawili. Ndwiga anasema kona ya pili sasa inashika tairi vizuri. Mawingu yamekaa upande wa mlima — yangoje siku mbili tu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimetoka kununua oili saa kumi, nikamkuta Mama na jembe kwenye kona ya pili. Mistari saba! Mahindi yako ndani, udongo juu. Majirani wote wameshapanda wakingoja mvua, yeye peke yake kachelewa. Kashika udongo, kaona una unyevu, kaanza kazi. Unyevu niliouleta mimi.

Nikamwambia kesho kuna mbio. Akasema mbegu ikishaingia haitolewi, na mtu hapiti juu yake. Amenilea hivyo, hata mbuzi wetu walichapwa kwa hilo.

Ndwiga anasema tushindilie tu, mahindi gani hayo. Nikamfokea. Halafu nikatamani asingenisikiliza.

Jumamosi, 18 Oktoba
Naandika nikiwa nimeegemea tangi la maji. Lori la Kiirua limefika. Nahodha wao, Gedion, ameuzunguka uwanja kwa miguu. Kwenye kona ya pili akavua kofia, akamsalimia Mama. Kisha akaja kwangu. Anasema yeye hawezi kupitisha pikipiki juu ya mbegu za mama wa mtu, labda nitangulie mimi mwenyewe. Sheria inajulikana: mwenyeji asiye na uwanja amepoteza. Anaongea kwa upole, na huo upole ndio unaniuma. Angenitukana ningejua la kufanya.

Mugambi ameshika bendera, anaangalia saa. Simpendi huyu mtu, simpendi kabisa.

Mama ameketi mwisho wa mistari yake. Ndwiga ameshawasha pikipiki zote mbili. Sasa amepiga magoti, ananifunga kiatu cha chuma mguu wa kushoto, ule wa kuburuta kwenye kona. Mama anatuangalia. Sijamwambia Ndwiga aache.