Kadi ya Sitini na Mbili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na shemeji na wanao, na kwamba goti lako halikusumbui tena. Sisi hapa hatujambo. Tangu ulipoacha kazi, yapata miaka kumi na minane, tumekuwa tukiandikiana salamu tu na habari za misiba. Leo barua ni ndefu, kwa kuwa nina hasira, nami nitakueleza kwa mpangilio.

Mchapishaji ameomba toleo jipya la kitabu changu kuhusu kuzingirwa kwa ule ufalme wa mlimani. Binti yangu, yule mpima ardhi, aliposikia, akaniwekea kwenye kompyuta mchezo ambamo mtu hutawala himaya kwa miaka mia nne, na ufalme wetu umo. Alisema nitaupenda. Kisha akaenda zake kazini.

Nianzie wapi? Mfalme amevalishwa taji la dhahabu, ilhali wewe na mimi tunajua kwamba wafalme wale walivaa kofia ya ngozi. Ngamia wanapanda mlima. Barabara ya mwendo wa siku tisa hujengwa kwa mwezi mmoja, na hakuna kibarua anayeumwa tumbo. Waziri ana sentensi tatu tu maishani mwake, na mojawapo ina kosa la sarufi. Binti wa mfalme huozeshwa kwa kubonyeza kitufe, bila mjomba hata mmoja kuulizwa.

Nilichukua kadi, kama zile tulizotumia tulipofanya kazi pamoja kwenye hifadhi ya nyaraka, nikaanza kuandika makosa: kosa moja kwa kadi moja, na rejea chini yake. Nilipoinua macho kutoka kwenye kadi ya taji, miaka mitatu ilikuwa imepita, mashamba yameungua na maadui wamezingira mji. Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo haumsubiri mtu anayeandika. Binti yangu aliporudi alicheka hadi akakaa chini.

“Baba, mji unaungua na mfalme wako anaandika tanbihi.”

Akanionyesha kitufe cha kusimamisha wakati. Nilimjibu kwamba jambo la namna hiyo huelezwa ukurasa wa kwanza.

Ningeishia hapo, lakini mchezo ulinigusa pabaya. Unakumbuka nilivyoandika: kwamba mfalme wa mwisho alifungua lango siku ya ishirini na moja kwa woga, na kwamba angevumilia hadi mvua zianze, maadui wangeondoka. Mimi ndiye niliyemwita Mfalme Mwoga, na leo vitabu vya shule vinamwita hivyo. Basi nikaazimia kulithibitisha. Nilishindwa mara nne. Mara ya tano nilivumilia. Mvua ikanyesha, maadui wakaondoka, tarumbeta zikalia. Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na idadi ya watu wa mji. Walikuwa elfu arobaini. Walibaki elfu tisa. Waziri alinipongeza kwa sentensi yake ileile yenye kosa.

Nilikaa nikiitazama namba ile hadi chai ikapoa. Mara ya sita nilifungua lango mwenyewe, siku ya ishirini na moja.

Usidhani nimezeeka vibaya. Mchezo si ushahidi. Namba zile zimetungwa na vijana ambao hawajawahi kupiga chafya kwa vumbi la nyaraka. Lakini nilirudi kwenye sanduku la nakala uliloniachia ulipoondoka, nikaitafuta taarifa ya mlinzi wa kisima uliyoitaja katika sura yako, ile sura niliyoiondoa kitabuni na kuandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba huruma si ushahidi.

Taarifa imo. Mlinzi anaeleza kwamba siku ya ishirini kisima kilitoa ndoo kumi na nne tu, na kwamba mfalme alikuja mwenyewe, akaonja matope, akauliza watoto waliobaki ni wangapi. Umeinakili yote kwa mwandiko wako, na namba ya jalada umeiweka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Taarifa ile sikuisoma. Uliponiuliza mbele ya wenzetu kama nimeisoma, nilisema ndiyo, nawe ukafunga mkoba wako ukatoka. Juzi nilipoichukua bahasha uliyoitia, gundi ilikuwa bado imeshika. Mimi, niliyewafelisha wanafunzi kwa kutaja hati wasizozisoma.

Nimemwambia mchapishaji asubiri. Alinung’unika; nikasahihisha sarufi ya barua yake, akanyamaza. Nataka sura yako irudi neno kwa neno, jina lako likae kwenye jalada la kitabu, na lile jina la mfalme nilifute kwa mkono wangu. Ukikataa, kitabu hakitatoka tena, na haki itakuwa yako. Nijibu, hata kwa mstari mmoja, hata kwa wino mwekundu.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwaambie ninawakumbuka. Binti yangu anakuamkia, wewe shangazi yake. Makosa ya mchezo yamefika kadi sitini na moja. Ya sitini na mbili ni yangu. Nimeitia humu ndani, na rejea chini yake kama inavyotakiwa.

Ni mimi,
Kaka yako